Mbuzi wa Vitabu Hamsini

Shughuli nzima imenigharimu laki moja na themanini elfu. Nimehesabu mara mbili: mbuzi laki na hamsini, na elfu thelathini za mkaa, ndimu, kreti moja ya soda na bodaboda iliyonipandisha mlimani nikiwa nimeipakata hiyo kreti. Heshima yangu sijaiweka humo, maana wenzangu wanadai haikuwa na bei tangu mwanzo.

Tuko watatu, tumejuana tangu dawati la shule ya msingi. Mmoja ni mwalimu wa sekondari, anaishi Elerai, mwanamke anayeweza kukunyamazisha kwa kuvua miwani tu. Wa pili analima kahawa na migomba kwenye miteremko ya Meru. Wa tatu ni mimi, nauza viatu vya mitumba Ngaramtoni siku za soko. Kinachotuunganisha mpaka leo ni vitabu, japo ukitusikia tunavyobishana ungedhani ni mpaka wa shamba.

Siku moja mwalimu alituma kwenye simu zetu orodha ya vitabu hamsini ambavyo eti kila anayejiita msomaji anapaswa awe amevisoma. Hakuweka salamu. Alisema yeye amesoma thelathini na moja, sisi je? Mkulima akajibu jioni: kumi na saba. Mimi niliipitia orodha, nikairudia kutoka chini kwenda juu, nikapata thelathini na nne. Nikatuma. Mwalimu akauliza kama nimehesabu na vile ninavyofungia viatu.

Iliniuma, sikatai. Mtu akikaa kwenye turubai la viatu, watu wanadhani anachosoma ni namba za soli. Nikasema tuwekeane mbuzi, mwenye idadi ndogo ndiye amnunue. Mkulima, ambaye alipaswa kuogopa, alikubali haraka, akaongeza masharti mawili. Kwanza, mbuzi atoke kwenye banda lake na bei isijadiliwe. Pili, kitabu kisihesabiwe mpaka aliyekisoma aseme kinaishiaje. Sharti la kwanza lilinikosesha usingizi. La pili sikulijali kabisa.

Hapa inabidi nieleze ninavyonunua vitabu. Kwa muuza vitabu chakavu wangu wa mjini, kitabu kizima ni elfu tano. Kisicho na jalada, elfu tatu. Kilichopoteza kurasa za mwisho ni elfu moja, na ukinyamaza ukaangalia pembeni, ni mia saba. Sasa kitabu kina kurasa mia mbili na kumi. Kwa nini niongeze elfu nne kwa ajili ya kurasa nane? Nilikuwa nasoma mpaka panapokatika, kisha namalizia mwenyewe kichwani huku napanga viatu. Miaka ikapita, nikasahau mwandishi aliishia wapi na mimi nilianzia wapi.

Tulikutana Jumamosi uani kwa mkulima, kahawa ikiwa imeanikwa kwenye vichanja. Nikaanza na kitabu cha kwanza kwa kujiamini: mwishoni yule mjane anauza nyumba, anapanda basi, basi. Mwalimu akasema mjane hauzi nyumba. Cha pili nikamwozesha kijana. Mwalimu akasema kijana alifungwa. Tulipofika cha kumi, mkulima alikuwa ameacha kugeuza kahawa, amekalia ndoo, anafuta machozi.

"Tajiri," akaniambia, "wewe hivi vitabu hujavisoma. Umeviandika."

Thelathini na nne zangu zikabaki kumi na sita. Yeye hakuulizwa hata kimoja. Mwalimu alisema huyu anasoma polepole lakini haruki sentensi, akampa zake kumi na saba kwa imani. Nilipopinga nikaambiwa niache kupunguza bei. Mkulima akataja laki na hamsini kwa mbuzi ambaye Ngaramtoni ningempata kwa laki na ishirini. Mdomo ulishafunguka kusema laki na kumi, mwalimu akavua miwani. Nikalipa.

Jumamosi iliyofuata tukamchoma. Nyama ilikuwa nzuri, hilo nalo nalisema kwa shingo upande. Tukiwa tumeshiba, mkulima akaanza kusifia kitabu anachokipenda kuliko vyote kwenye ile orodha, cha baba aliyegombana na binti yake mpaka binti akahama. Mwishoni, akasema, binti anarudi siku ya mvua na kukuta mlango haujafungwa komeo miaka yote ile. Binti yake mwenyewe alipoondoka kwenda Dar kwa hasira, mwisho ule ndio uliomfanya ashike simu awe wa kwanza kupiga.

Mwalimu akaacha kutafuna. "Binti harudi," akasema taratibu. "Kinaishia baba anapaka mlango rangi."

Mkulima akanigeukia. Nakala aliyosoma ilikuwa yangu, ile ya elfu moja. Aliiazima kwangu, akafika panapokatika, akaja sokoni kuniuliza mwisho, nami nikamwambia huku nafunga kamba za buti la mteja.

"Kumi na sita," nikasema. "Sawasawa na mimi."

Aliinuka, akachochea makaa yaliyokuwa yakizimika. Kisha akasema binti yake anakuja Krismasi, na habari za rangi hataki kuzisikia ndani ya boma lake. Mwalimu akakiri kwamba mwisho wangu ni mzuri kuliko wa kwenye kitabu, lakini maksi ni maksi, kwa hiyo kweli tumelingana.

Tangu siku hiyo namdai nusu ya mbuzi, elfu sabini na tano. Yeye anasema nilimpa kitabu nusu, tumemalizana. Namwambia nusu ya kitabu nilimwazima bure, tena mwisho nikamtengenezea, na mwisho huo umemrudishia mtoto. Fundi gani hufanya kazi hiyo bila malipo? Anacheka, ananimiminia kahawa, hela hatoi.

Basi wewe uliyesoma mpaka hapa, tena kurasa zote, nishauri: nimdai au nimwachie? Kama utaona ninastahili, mfikishie ujumbe kwamba hata kilo kumi za kahawa nitapokea. Iliyokaangwa, tafadhali, na nipimiwe mbele yangu.