Kuku Ndani ya Gari la Anselmi

Harufu ya shaba inayochomwa juu ya mkaa hukaa nyuma ya ulimi, chungu, kama sarafu iliyonyonywa na mtoto mtundu. Kiangazi kile nilichotimiza miaka kumi na miwili, ua wetu wa Kinanira ulinuka shaba kutwa nzima, shaba na petroli na ndagala, dagaa wa ziwani, alizoanika Mama juu ya bati. Baba alichuchumaa mbele ya jiko, koleo mkononi, akiligeuza bamba la shaba kama anageuza chapati, akingoja liive liwe jekundu ndipo alitumbukize majini lilainike. Bamba hilo lingekuwa gasketi ya injini, na injini yenyewe ilikuwa ya gari dogo jeupe la michezo, la Kiitaliano, la viti viwili, lenye umri mkubwa kuliko Mama. Mwalimu mmoja mzungu alimwachia Baba gari hilo siku aliporudi kwao, na kwa miaka minne hakuna aliyelipanda isipokuwa kuku. Kiangazi kile kuku walifukuzwa. Baba alikuwa na kazi nalo, na kazi yenyewe, nisiwafiche, ilikuwa kulipa kisasi.

Baba alitokea Uvira akiwa kijana, akavuka mpaka wa Kongo pale Gatumba na sanduku la spana, na katika mji huu wa Bujumbura hakuwa na shamba wala ukoo. Alikuwa na jina tu: fundi asiyeiba. Mteja mkubwa alikuwa Bwana Anselmi wa Kinindo, mtu wa jumba la ghorofa na shati jeupe, mwenye gari ndugu wa lile letu, la aina ile ile, ila jekundu na linalong'aa. Kila Jumapili mchana alilipandisha kutoka Kinindo hadi kwetu Kinanira, honi tatu kwenye kona ya soko, watu wakaacha nyanya zao kumtazama. Halafu gari likaanza kuchoka mlimani. Anselmi akamwita Baba Jumapili moja, na mimi nikaenda naye kwa sababu kwa Anselmi kulikuwa na mishikaki. Wageni walikuwa wamekaa barazani na vinywaji vyao. Baba akafungua boneti, akanusa petroli, akasikiliza injini, akasema kwa heshima zake zote, "Patron, ni esansi yenye wanakuwekea. Ni ya chupa za barabarani, wanaichanganya na mafuta ya taa. Gari yenyewe iko muzima." Anselmi akacheka kwa ajili ya wageni. Akasema kwamba Baba ndiye aliyeng'oa kabureta zake mbili za asili, akaziiba kwa ajili ya gari lake jeupe, akafunga nyingine za bandia. Baba akafungua mdomo kujibu, na Anselmi akampiga kofi.

Mimi nilikuwa nimesimama hapo na mshikaki mkononi. Nilisikia sauti ya lile kofi na nikaona Baba anavyoinama kuokota spana iliyomdondoka, anaifuta, anaiweka mahali pake sandukuni kama vile hakuna kilichotokea. Mgeni mmoja alikohoa. Hakuna mwingine aliyefanya lolote. Tukapanda mlima kwa miguu, Baba mbele, mimi nyuma, na mshikaki ule niliutupia mbwa. Wiki hiyo hiyo wateja wawili wa Kinindo walituma watu kuja kuchukua magari yao ambayo hayajamalizika. Mama alilia, mimi nilikula kiapo. Nikimtaja Anselmi mpaka leo nasikia mate yanakauka, na anayeniambia yamepita, basi hakupigwa yeye baba yake.

Siku ya nne Baba aliwafukuza kuku garini. "Nitamupita ku mulima," akasema, "ku kona ya soko, watu wote waone." Gari letu lilikuwa bovu kuliko la Anselmi, hivyo halingeweza kumpita kwa nguvu zake lenyewe. Lilihitaji kompresa. Ni pampu ya chuma yenye mapanga mawili ndani, mkanda wa injini unaizungusha, nayo inaisukumia injini hewa nyingi kuliko ile ambayo injini ingejivutia. Hewa ikizidi, petroli huzidi, na moto huzidi. Uvira kulikuwa na gari la Kijerumani lililogongwa, lenye kompresa yake bado. Mama, ambaye kila wiki alivuka Gatumba kuuza sabuni na kurudi na ndagala, aliifunga kompresa ile ndani ya vitenge viwili, akaiweka chini ya ndagala kwenye beseni, akajitwika kichwani. Mtu wa forodha akamuuliza mbona shingo inamzama. "Ndagala za mwaka huu ziko na mifupa," akamjibu. Alifika nyumbani akaketi chini bila kusalimu, akasema, "Musipomushinda, nitawapikia hii chuma mukule."

Tuliifanya kazi ile miezi miwili, na nasema tuliifanya kwa sababu mikono yangu ilikuwa midogo, ikaingia pale ambapo ya Baba haikuingia. Kabureta zetu mbili zilikuwa zimeliwa na kutu, Baba akazitupa, akafunga moja tu, kubwa, ya pikapu ya teksi, kwenye mdomo wa kompresa. Mkanda ulitoka kwenye mashine ya kusaga unga. Puli za kuuvuta alizikereza fundi wa mashine hiyo hiyo ya unga, na alikereza mbili. Ile kubwa ingeizungusha kompresa kwa utulivu, ile ndogo ingeizungusha mbio mbio. Baba alizipa majina. "Hii kubwa ni ya kuenda misa. Hii ndogo ni ya Anselmi." Siku injini ilipowaka kwa mara ya kwanza, kompresa ilipiga mluzi mwembamba unaopanda, unapanda, mpaka kuku wa jirani wakaruka ukuta, na Baba akacheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu kofi.

Kicheko hicho hakikunifurahisha. Nilimwona Baba anavyolipangusa gari, anavyosahau kula, anavyoimba nyimbo za kwaya chini ya boneti, nikajua hasira inamtoka. Jumamosi jioni alifunga puli kubwa. Akasema injini ni nzee, ndogo itaiua, na kumbe raha yenyewe ni kuisikia inaimba. Loo, roho ilinichafuka! Nikamwambia neno ambalo mtoto hamwambii baba yake. "Baba, unamuogopa. Atakupiga tena na utaokota spana." Alichukua spana, akafungua puli ya misa, akafunga ya Anselmi. "Sawa, Riziki," akasema. "Lakini esansi ya ile bido ya bluu peke yake. Na kwa puli hii, injini ikikunywa esansi mubaya, inajitoboa."

Sasa hapo ndipo penye kosa, na kosa ni langu. Bido ya bluu, dumu la plastiki, ilikuwa na lita ishirini za petroli safi, na kila mtu uani alikatazwa kuigusa. Lakini asubuhi moja ya wiki iliyotangulia, Baba akiwa kwa mkereza puli, Mama Zawadi wa mlango wa pili alikuja mbio, mtoto wake anawaka homa, pikipiki ya mumewe kavu. Ningemnyima vipi? Uani kwetu chumvi iliazimwa, mkaa uliazimwa, mawese yaliazimwa, na kila kitu kilirudi kwa kipimo kile kile, hakuna aliyechungulia ndani ya kikombe. Nikampimia lita tano. Mtoto akapona, na siku ya pili Mama Zawadi akarudisha lita tano, zimejaa mpaka juu, amezinunua kwenye chupa za barabarani. Nikamshukuru, nikazimimina ndani ya bido ya bluu. Petroli kwangu ilikuwa petroli. Sikumwambia Baba, kwa sababu kilichoazimwa kikirudi, hakuna cha kusema.

Jumapili baada ya misa tulishuka hadi mpakani mwa Kinindo tukamngoja. Anselmi alipopita, Baba alimwacha atangulie, kisha akakanyaga. Mluzi ulianza. Mgongo wangu uligandamana na kiti, mkanda wa mashine ya unga ulinguruma mbele ya miguu yangu, na kwenye kona ya soko, mbele ya akina mama wa nyanya na vijana wote wa Kinanira, gari letu jeupe lililokuwa banda la kuku lilimpita Anselmi kama amesimama. Nilitoa kichwa dirishani. Nilimwona uso. Nikamzomea kwa nguvu zangu zote, na soko zima likazomea pamoja nami. Jamani, utamu ule! Ulidumu kwa urefu wa maduka kama kumi. Kisha nikasikia mlio kama misumari inatikiswa ndani ya kopo. Baba akaondoa mguu, lakini ilikuwa imeshachelewa, moshi wa bluu ukatufunika na injini ikakata.

Anselmi alisimamisha gari lake nyuma yetu. Watu wakatuzunguka. "Fungua boneti," akaamuru, "tuone kabureta zangu." Baba akashuka, polepole, akafungua, akasogea pembeni. Watu waliinama kutazama. Palikuwa na kompresa, palikuwa na mkanda wa mashine ya unga, na palikuwa na kabureta moja, ya pikapu, yenye kutu pembeni. Muuza nyanya mmoja akasema kwa sauti, "Sasa ziko wapi?" Kwa muda mfupi nilidhani tumeshinda. Anselmi alipangusa mikono yake ambayo haikugusa kitu. "Basi aliziuza," akasema, akarudi garini, akapiga honi tatu, akapanda zake. Nikaona watu wanatazamana, na wengine wakaanza kutikisa kichwa, si kwa ajili yake, kwa ajili yetu.

Tulipofungua injini, pistoni ya tatu ilikuwa na tundu la kupitisha kidole. Baba alinusa ile bido, akaniangalia, nikamweleza yote huku nalia. Hakunipiga. Alichosema ni kwamba Mama Zawadi asiambiwe kamwe, kwa sababu alirudisha alichokopa. Wateja wa Kinindo hawakurudi. Gari jeupe liliuzwa kwa kilo, kama chuma chakavu, na Baba alizeekea kwenye kutengeneza jenereta na mashine za unga. Kompresa peke yake ndiyo aliyoibakiza, akaifunga ndani ya kitenge kile kile cha Mama.

Siku hizi ua ule ni gereji, na gereji ni yangu. Petroli imekuwa adimu mjini kiasi kwamba watu wanaipangia foleni usiku na mchana, na anayekuazima lita tano amekupa figo. Nikikumbuka nilivyoimimina kama maji ya kisima, nacheka peke yangu. Mama Zawadi alihama zamani, bila kujua. Watu wa Kinindo wananiletea magari yao, na wananiita madamu. Miaka mitatu iliyopita Anselmi, macho yamemwishia, watoto wake wako ng'ambo, aliuza gari jekundu kupitia dalali. Hakujua mnunuzi ni nani. Nilifungua boneti usiku ule ule, sikuweza kungoja asubuhi, na kabureta mbili zilikuwepo, za asili, kila moja na alama ya msalaba mdogo ambayo Baba huigonga kwa patasi kwenye kila alichokitengeneza. Hazikuwahi kutoka mahali pake hata siku moja. Soko halikuwepo kuona.

Nikawafungulia kuku wangu milango yake. Gari jekundu lipo langoni, madirisha wazi, kuku kumi na wawili wanalala kwenye viti vyake vya ngozi, na mtu yeyote anayepanda kutoka Kinindo analiona. Anselmi aliambiwa. Mwezi uliopita alikuja na teksi, akasimama kwenye lango na fimbo yake, akapapasa bodi kwa kiganja mpaka akafikia mavi ya kuku. "Madamu," akasema, "iyo gari munaiumiza bure." Nilingoja. Nilimpa muda wote aliouhitaji. Baba alikuwa amekaa hatua sita tu kutoka pale, kwenye kigoda chake, amesimamisha kazi anasikiliza. Lilikuwa limebaki neno moja, na nusu ya mtaa ilikuwa inatazama. Anselmi akauliza kama ningependa kumuuzia tena, nikafunga lango.

Baba alisamehe zamani. Ananiambia hivyo kila tunapokunywa chai, kisha ananiuliza lile analoniuliza kila wiki: kompresa ipo, pistoni za kuagiza zinapatikana, puli ya misa ameitunza, sasa mwanangu, tutaifunga kwenye gari jekundu na kuiwasha lini? Namjibu siku Anselmi atakaposema alikosea. Anaangalia mikono yake. Imeanza kutetemeka, na mwaka huu mara mbili nimemwona spana inamdondoka. Mara zote mbili niliwahi kuinama kabla yake, nikaiokota mimi. Natambua kwamba muda ninaomnyima Anselmi ni wa Baba. Asubuhi ya leo nimeamka, nimetoka nje, nimesimama kando ya gari lile jekundu muda mrefu, mkono kwenye kitasa cha mlango. Halafu nikawatupia kuku mahindi yao.