Fundo la Mchukuzi

Asubuhi yao ya mwisho ya kawaida, mshonaji aliamka na hofu ya mti. Siku tatu baadaye moyo wake ulisimama. Daktari alisema ulikuwa umechoka zamani. Lakini asubuhi hiyo alikuwa mzima, anapuliza chai yake, jicho halitoki kwenye kona ya sebule.

Mti wa Krismasi ulikuwa umesimama hapo ndani ya ndoo ya mawe, mrefu kumpita mumewe. Binti yao ndiye aliyeuleta jana yake, ili wanawe wafurahi wakiachwa kwa babu na bibi. Akaacha na onyo mlangoni: "Wanangu wakiumia na huo mti, siwaleti tena."

"Unayumba," mshonaji alisema.

"Unayumba wewe," mumewe alijibu. "Ndoo ina mawe robo gunia."

"Mawe yako chini, mzee. Kichwa kiko juu. Mtoto akining'inia je?"

Ndivyo alivyokuwa. Miaka arobaini ya cherehani, na hakuna pini iliyolala sakafuni mwake. Kila jioni aliburuta sumaku chini ya meza, ndipo mtoto aruhusiwe kutambaa. Wateja walimwita Bi Pini, kwa kuwa alizibana mdomoni huku akiwateta wenye mapaja manene, na hakuwahi kumeza hata moja.

Akaondoa mapambo ya kioo kwenye matawi ya chini, akayapandisha juu. Chini akaning'iniza vipande vya kitambaa. Waya wa taa akaupitisha nyuma ya kabati. Kisha akamtupia mumewe kamba ya katani.

"Funga kwenye nondo za dirisha. Funga kama unafunga fahali."

Mumewe akafunga. Alikuwa mchukuzi wa magunia ghalani tangu ujana, na mikono yake ilijua fundo moja tu: lile la mzigo. Ukifika, unavuta ncha, gunia linashuka lenyewe. Hakufikiri. Mikono ilifunga, ncha ikabaki inaning'inia, usawa wa goti. Akautikisa mti. Haukuyumba.

"Haya, Bi Pini. Kapumue."

Mkewe akacheka, mara ya kwanza tangu jana, akaenda kwenye cherehani yake. Mjukuu mkubwa alikuwa anachora mezani. Mdogo ndiyo kwanza amejua kukimbia. Walimwita Kifaru, maana kila kitu alikipima kwa kichwa.

Mzee alikuwa anajimiminia chai alipomwona. Kifaru kasimama dirishani, kashika ncha ya kamba, anamchekea babu yake.

Chai ikajaa, ikamwagika, ikamuunguza, hakuhisi. Akiita, mtoto atashtuka avute. Akinyamaza, atavuta vilevile. Akanyanyua mguu mmoja, polepole, kama mtu aliyekanyaga karibu na nyoka.

Kifaru akadhani ni mchezo wa kukimbizana. Akakimbia na kamba yake mkononi.

Fundo likafunguka kama lilivyofunguka miaka yote, laini, bila ubishi. Kamba ikauvuta mti, ukainama. Mzee aliiona nyota ya juu ikiacha ukuta, na miguu yake ikagoma. Miguu iliyobeba magunia maisha yote!

Aliyeruka ni mkewe. Kiti kilianguka upande huu, yeye akaangukia upande ule, magoti na viganja chini, mgongo juu ya Kifaru. Mti ukamshukia. Vioo vikapasuka.

  Mzee alihesabu pumzi zake mwenyewe. Moja. Mbili. Tatu.

Chini ya matawi, Kifaru akaangua kilio.

Mzee akaunyanyua mti kama unyoya. Mtoto alikuwa na mchubuko kwenye paji, mwembamba kama uzi. Bibi yake alikuwa anahema, majani yamejaa nyweleni.

Mlango ukafunguliwa. Binti alikuwa amewahi kutoka kazini. Akautazama mti, akalitazama paji la mwanawe, akaiokota kamba.

"Nani kafunga hii?"

 Mzee hakukiri siku ile, na kwenye mazishi ya mkewe hakukiri. Mkewe hakumtazama hata kidogo. Alijibu yeye:

"Mimi, mwanangu. Babako nilimfukuza, nikajitia fundi wa kila kitu. Simama hapohapo na viatu vyako, sakafu ina vioo."