Diski Yenye Sauti ya Baba

Kila asubuhi, hata kabla sijamsalimia mtu, nafungua laptopu niangalie afya ya diski. Kuna programu ndogo inayoonyesha maisha yaliyobaki. Imefika asilimia nne, kwa rangi nyekundu. Diski ya aina hii, SSD, hairudi ujana. Kila unachoandika humo kinaila, na mimi naishi kwa kuandika. Nina steshenari hapa kijijini Daudi: barua za watu, matangazo ya misiba, risala za harusi, vyote vinapita kwenye mashine hiyo hiyo.

Nisingejali, ila humo yumo baba. Alipokuwa mzima, ukoo ukikutana, yeye ndiye aliyesimama kutoa slufay, ile dua yetu ndefu ya Wairaqw ya kuomba mvua na amani, watu wote wakiitikia. Nilimrekodi kwa laptopu hii siku ya harusi ya dada yangu. Alikubali kwa shingo upande, maana aliwahi kusikia dua ya mzee mwenzake ikipigwa kwenye spika mnadani, watu wanatafuna nyama na kucheka.

"Ikae humo humo," akaniambia. "Usiitoe kwenda kwenye simu wala flashi."

Nikasema ndiyo baba. Ningesema nini kingine?

Halafu akapata kiharusi. Sasa anakaa kwenye kiti uani, anasikia kila kitu, hasemi neno.

Mashine nikaipeleka kwa fundi Mbulu mjini. Akaitazama, akaguna.

"Dada, nakili vitu vyako leo. Ukiendelea kuitumia, inaisha. Ukiizima ukaitupa kabatini muda mrefu, diski iliyochoka hivi inaweza kusahau yenyewe."

Nilimchukia bure, maskini, wala hakuwa na kosa. Nilirudi nimeipakata laptopu, nimebanwa huku na huku. Wiki nzima nikawa nawakaripia wateja. Mtu analeta barua ya kurasa mbili, namwambia punguza maneno, kwani huyo unayemwandikia hana kazi?

Jumapili tulipotoka kanisani uvumilivu ukaniishia. Nikamwekea baba rekodi yake. Alisikiliza mpaka mwisho, machozi yakimlengalenga. Nikapiga magoti mbele ya kiti.

"Baba, hii diski inakufa. Niruhusu niihamishe dua, hata kwenye flashi moja tu. Nitaificha, hakuna atakayeisikia."

Akatikisa kichwa kukataa. Nikauliza tena, labda hakunielewa. Akatikisa tena, kwa nguvu, mpaka mama akaacha kuchambua maharage. Hasira zilinipanda, na hasira za kumkasirikia mgonjwa huna pa kuzipeleka.

"Mwache baba yako," mama akasema. "Amekataa. Sasa unataka nini zaidi?"

"Nataka sauti yake, mama."

Mama aliinamia ungo wake, akawa anageuza maharage yale yale aliyokwisha kuyachambua.

"Hata mimi," akasema.