Mlango Unaongoja Jua

Jambo la kwanza nililoliona kwa Fermín Huamaní ni kwamba hatazami gari uso kwa uso. Huinamisha shingo, akalichungulia kutoka ubavuni, akarudi nyuma, akalichungulia tena. Nilidhani shingo inamuuma.

Naishi juu ya gereji ya Mzee Olegario, hapa Surquillo, Lima. Miaka yote Fermín alikuwa mtu wa msasa. Rangi aliipuliza mzee mwenyewe. Mwezi Julai akamkabidhi gari la mteja, Doña Zoraida, la rangi ya fedha, lililogongwa mlango wa mbele.

"Lipige rangi wewe. Kiungo cha rangi mpya na ya zamani kisipoonekana, bomba la kupulizia ni lako. Kikionekana, unarudi kwenye msasa, na usininung'unikie."

Doña Zoraida alipokuja alimkuta anausugua mlango wa nyuma, ule mzima, kwa msasa laini na maji.

"We Fermín! Uliogongwa ni wa mbele! Huu umekukosea nini?"

"Haujanikosea, mama. Rangi hii ina chembe zinazong'aa, na kila ukipuliza zinalala kivyake. Nikiikomesha ukingoni mwa mlango, gari litaonekana limevaa kiatu kimoja kipya. Lazima niififishe humu mlangoni, ipotee polepole ndani ya ile ya zamani."

"Ipotee? Kwani nimeleta gari lipotee rangi?"

Mzee Olegario alicheka mpaka chai ikampalia.

Fermín hakucheka. Aling'oa kitasa na mipira ya milango, akaosha, akafuta mafuta yote, akasugua mpaka bati likapauka kama ubao wa shule. Kwenye tundu la kitasa alizungushia msasa kidoleni, kwa sababu mng'ao ukibaki hapo, vanishi, ile rangi angavu ya juu, itabanduka. Ndipo akapuliza: mlango wa mbele wote, ukingo tu wa mlango wa nyuma na wa madigadi, kisha vanishi juu ya vyote vitatu.

Lilipendeza. Ila chini ya wingu letu la majira ya baridi, linaloficha jua wiki nzima nzima, chembe zile hazing'ai, na kosa halionekani hata ukilichungulia kutoka ubavuni. Doña Zoraida kazaliwa hapahapa, analijua wingu hilo.

"Kwenye wingu hata mimi ni msichana," alisema. "Silichukui mpaka nilione juani."

Tangu hapo, kila asubuhi Fermín hulisukuma gari nje, hutazama juu, hulirudisha ndani.

Leo wingu limekuwa jepesi. Doña Zoraida yuko barabarani, miwani mkononi. Mzee Olegario amesimama mlangoni mwa gereji na bomba lake la kupulizia. Chini ya gari kivuli hafifu kimeanza kujichora, na Fermín ameshainamisha shingo.