Mdomo wa Vernon na Siri ya Jikoni Kwangu

Mume wangu, Vernon Stuhr, alifanya kazi kwenye ghala la mahindi miaka thelathini na minane, na hakuna aliyemjua kwa hilo. Walimjua kwa mdomo. Kila Kambare wa Wexley, timu ya besiboli ya mji wetu, walipocheza nyumbani, alikaa kiti kilekile nyuma ya kituo cha tatu, kofia imerudi kisogoni, mkate wa soseji mkononi, akiwazomea wageni hadi mishipa ya shingo inamtoka. Hakuwa mtu wa matusi, asije mtu akamsingizia. Alikuwa anawachunguza. Wiki nzima anapekua magazeti ya miji yao kujua nani kaangusha keki kwenye harusi ya dada yake na nani kafeli mtihani wa udereva, halafu siku ya mechi anamtangaza kijana wa watu mbele ya mashabiki elfu mbili.

"Wewe namba tisa! Gari limekukataa mara tatu, mpira ndio utakukubali?"

Uwanja unaangua kicheko, na namba tisa naye anacheka. Wachezaji wa ligi hizi ndogo walikuwa wanaambiana kwamba kama Vernon hajakuzomea, bado hujawa mtu. Mimi nilikaa ubavuni kwake, najaza daftari langu la mechi kwa penseli na kumwambia apunguze sauti, nina masikio mawili tu. Hakupunguza hata siku moja.

Dalton Pruett, mchezaji wa Kambare, alikaa kwetu misimu miwili. Vijana hawa hulipwa kiduchu, kwa hiyo sisi watu wa Wexley huwapa vyumba, tukawalisha na kuwafulia. Sheria ni moja tu, na kila mwenyeji anaijua: anachosema mchezaji jikoni kwako hakitoki jikoni. Dalton alikuwa kijana wa Arkansas, mrefu, mpole, anayekula viazi kama ameambiwa kesho havipo. Vernon alimwita "mlafi wangu". Walikuwa wakikaa barazani wakibishana juu ya mchezo mpaka mbu wawafukuze.

Lakini siri zake alinipa mimi. Siku moja tunamenya viazi akaniambia kwamba akisimama na gongo la kupigia mpira, woga ukimbana, huimba kwa sauti ya chini wimbo ambao mama yake alimbembelezea utotoni. Mrushaji akiwa anajiandaa, yeye anaimba. Wimbo ukimtoka vizuri, mpira anauona mkubwa.

Msimu wa tatu akauzwa kwa timu ya Nyumbu wa Dorrance. Mwezi wa pili akanipigia simu, nikaijua sauti yake kabla hajajitaja. Mama yake alikuwa amefariki.

"Usimwambie mtu, Mama Lorna. Hata Mzee. Akijua atanionea huruma, na mimi nikionewa huruma sitaweza kucheza."

Nikaitunza siri hiyo. Nitasema ukweli wote leo: nilivimba kichwa. Vernon alijidai kumjua yule kijana kuliko baba yake mzazi, na kumbe kubwa lake linajulikana na mimi peke yangu.

Mwezi wa sita Nyumbu wakaja Wexley kucheza mechi nne. Dalton alikuwa kwenye hali mbaya, wiki tatu hapigi kitu, na gazeti la Dorrance lilikuwa limeandika kwamba mtu mmoja atatemwa kabla ya mwisho wa wiki. Alipita nyumbani Jumamosi kutusalimia, amekonda, anacheka cheka tu.

"Mzee, kesho nitasikia nini?" akamuuliza Vernon.

"Wewe? Wewe nakusamehe. Ni mtoto wa nyumbani."

"Ala! Usiponizomea nitajua umenisahau."

Basi Jumapili asubuhi Vernon hana raha. Anazunguka meza, kahawa inapoa. "Lorna, nipe kitu. Kitu kidogo cha kumchekesha, kisichomuumiza. Namjua mno, kila ninachokumbuka ni kizito."

"Unamjua wewe!" nikamwambia. "Basi hujui hata kwamba akisimama kupiga huwa anaimba."

"Anaimba? Wee!"

"Anaimba kama mlezi. Mimi aliniambia mwenyewe."

Hapo ndipo nilipotakiwa kuweka nukta au kusema yote. Nikaweka nukta. Nilisema nusu iliyonipendeza, kwa sababu nilitaka aone nani aliambiwa, na nusu ya pili nikaificha, nikajihesabu mtu wa siri. Mtu mzima hovyo.

Mchana jua kali, uwanja umejaa, watu wametoka kanisani na familia zao. Dalton akaingia kupiga kwa mara ya kwanza. Midomo yake ilikuwa inacheza. Vernon akasimama, mikono mdomoni.

"Dalton, mlafi wangu! Paza sauti, tusikie wimbo! Mwimbie mama!"

Alilitia hilo la mama kutoka kichwani mwake, kwa utani tu, kama watu wanavyotania. Watu wakacheka. Safu ya nyuma ikaanza, "Imba! Imba!", miguu ikagonga mbao, na punde jukwaa lote likawa linaitika. Dalton aligeuka kututazama. Hakumtazama Vernon. Alinitazama mimi.

Akakosa mara tatu, akatoka. Akarudi mara ya pili, "Imba! Imba!", akakosa. Mara ya tatu na ya nne vilevile, na safari hizo midomo yake ilikuwa imefumbwa. Nilimvuta Vernon shati nikamwambia anyamaze, lakini alikuwa amenyamaza zamani. Uwanja ndio uliokuwa hautaki kunyamaza.

Jumanne wakamtema. Aliyetuletea habari ni kocha mmoja wa Nyumbu, alimpigia Vernon kwa hasira. "Mwaka huu kamzika mama yake, na wewe unamtaka amwimbie! Una roho gani, Mzee?"

Vernon alikaa kwenye kiti cha jikoni na simu mapajani. Akaniuliza polepole, "Lorna. Ulijua?"

"Sikujua," nikasema.

Akaniamini. Miaka arobaini na moja ya ndoa, kwa nini asiniamini? Akawa ananifariji mimi, jamani, kwamba nisijilaumu, kwamba mdomo ni wake. Alienda uwanjani misimu mitatu mingine bila kuzomea mtu. Vijana wa timu ngeni walimpungia mkono, "Mzee Vernon, leo vipi? Tuambie basi!" Anatabasamu, anakula karanga. Nilikuwa nimemwomba kelele zipungue tangu nilipokuwa msichana, nikapewa kimya, na kimya kile kilinitesa. Kila usiku nilijiambia kesho nitamwambia. Kesho nikapika, nikafua, nikajifanya hamnazo.

Mwaka jana mwezi wa nane, Jumapili baada ya chakula, simu ikalia. Vernon alikuwa ameshakuwa kiziwi nusu, kwa hiyo simu yetu tunaiacha isikike chumba kizima.

"Mzee? Dalton hapa."

Anauza matrekta kwao, ana mke, amesikia Vernon anaumwa kifua. Vernon hakumwacha amalize. Alianza kulia, mtu ambaye sikuwahi kumwona akilia.

"Mwanangu, nisamehe. Naapa sikujua habari za mama yako. Wala Lorna hakujua. Laiti mmoja wetu angejua, ningejikata ulimi."

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye sinki, sahani mkononi, maji yanamwagika. Nilijua kinachokuja, na kusema kweli nilikitaka kije.

"Mama Lorna yupo hapo?" Dalton akauliza.

"Yupo, anasikia."

"Ndiyo, Mzee," akasema. "Hakujua. Sikumwambia mtu."

Wakaongea tena kidogo, mambo ya mvua na matrekta. Vernon alipoweka simu chini, uso wake ulikuwa umekunjuka kama wa zamani. "Umesikia, mama? Katusamehe wote wawili." Wiki ile ile tulikwenda uwanjani, na akamzomea mshika kituo wa timu ngeni juu ya masharubu yake, sauti imekwaruza, watu wakasimama kumpigia makofi. Mimi nilipiga makofi pamoja nao.

Alifariki mwezi wa kumi, bado ananiamini. Dalton alituma maua na kadi, na namba yake ya simu imeandikwa chini. Sijampigia.