Jeep Mbili na Mama Mkwe

Kila Jumapili baada ya misa, kaka yangu na mume wangu walibishana kuhusu magari. Walibishania uani kwetu Katuba, mtaa wa Lubumbashi, mbele ya kuku na majirani, na mimi nikiwa jikoni nilisikia yote mpaka nikayajua kwa moyo. Kaka, anayefanya kazi katika ofisi moja mjini, alikuwa amenunua jeep mpya yenye viti vya ngozi na kioo kinachoonyesha njia. Mume wangu alikuwa na jeep kuukuu ya kubebea unga wa mahindi, ngumu kama benchi la kanisa, ambayo asubuhi haikuwaka mpaka starta igongwe kwa nyundo. Kaka hakuishiwa utani, na kompyuta na nyundo alizitaja kwa Kifaransa cha ofisini.

"Shemeji, ya kwangu iko na ordinateur, ya kwako iko na marteau."

Mume wangu alicheka tu. Ni mtu wa maneno machache, jambo ambalo limeniudhi mara nyingi. Jibu lake lilikuwa lile lile, kwamba mjini jeep zote ni nzuri.

Kisha, katikati ya msimu wa mvua, habari ikafika kwamba dada mkubwa wa mama yangu ameacha kula. Aliishi kijijini, mbele ya Mitwaba, na ndiye aliyemlea mama baada ya bibi kufariki. Mama, ambaye nyumba yake iko Kenya, mtaa jirani na wetu, karibu na soko, hakulia. Alisema kuzika, watu watamzika. Yeye alitaka dada yake amwone na amjue kabla hajafumba macho. Kila siku tuliyokawia ingeweza kuwa ndiyo ya mwisho.

Tukaamua kwenda na jeep zote mbili. Mama apande ya kaka, mimi na mume wangu tufuate nyuma na chakula na kamba. Hakuna aliyeuliza kwa nini asipande yetu. Katika ukoo wetu, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakai pamoja, hawali pamoja, wala hawasemeshani uso kwa uso. Tangu niolewe, mama akiingia kwa mlango wa mbele, mume wangu hutokea wa nyuma, na lolote wanalotaka kuambiana hupitia kinywani mwangu. Ni heshima, si chuki, lakini heshima hiyo imenichosha miguu.

Lazima niseme ukweli. Mpaka mji wa Likasi, na hata mbali sana baada ya kuiacha lami, jeep ya kaka ilikuwa bora kuliko yetu. Yetu ilinitikisa meno, na mvua iliingia kwa mlango ikanilowesha goti. Kule mbele mama alikuwa amelala. Tulipofika kwenye mchanga mzito, kaka alibonyeza kitufe, magurudumu yote manne yakavuta, akapita bila kuchafua viatu. Mume wangu ilimbidi asimame, ateremke, apige goti kando ya kila gurudumu la mbele na kuzungusha kwa mkono kifuniko cha katikati, ndipo nayo yavute pamoja na ya nyuma. Nilimwonea kaka wivu, na mume wangu nikamwonea hasira.

Mbele tukakuta mto umefunika barabara. Jeep zote mbili zilivuka. Lakini ng'ambo ya pili, taa ya njano ikawaka mbele ya kaka, na mashine ikapoteza nguvu, ikawa inatembea kama mtu anayetoka hospitali. Kaka alibonyeza kila kilichobonyezeka. Kioo kikamwambia apeleke gari gareji, na gareji inayolijua gari lile iko Lubumbashi. Matairi yake nayo yalikuwa ya lami, yakajaa tope na kuteleza. Tukaivuta kwa kamba mpaka uani kwa mapadri wa karibu, na hapo ikabaki.

Mama alisimama kwenye ua ule na mfuko wake mkononi. Kaka akasema basi yeye ndiye ataendesha jeep yetu, shemeji abaki kuilinda ya kwake. Alikuwa amezoea gari linalojibadilishia gia lenyewe. Akaizima jeep yetu mara kadhaa, akaifufua kwa kelele, na akaingia mtaroni kabla hajafika langoni. Mimi sijui kuendesha hata baiskeli, na siku ile nilijuta.

Basi mama akapanda mwenyewe nyuma ya jeep yetu, akakaa juu ya mifuko ya unga, uso ukitazama tulikotoka, kitenge kichwani.

"Umwambie bwana yako," akaniambia, "miye niko muzigo. Muzigo haina na mukwe."

Mume wangu alisikia vizuri kabisa, lakini alingoja mpaka nimwambie. Kisha tukaondoka, kaka akitupungia mkono akiwa na aibu.

Njia ya mbele ilikuwa udongo mwekundu, laini kama sabuni. Kila mahali pabaya mume wangu aliteremka na kupiga goti topeni, huku na huku, mvua ikimwagika mgongoni. Hakulaani wala hakuharakisha. Alipanda milima kwa gia ndogo, polepole, bila kusimama, na chuma kile kizee kikanguruma na kupanda. Katika kioo cha pembeni nikamwona mama ameinua ncha ya kitenge anatazama. Akaniuliza kwa nini anapiga magoti hivyo. Nikamweleza kuhusu magurudumu. Akavua kile kitenge na kunipa, nimwambie ajifunike, mvua isimuue. Mume wangu akakiogopa kama moto. Nguo ya mama mkwe, ataivaaje? Nikamfokea avae. Akajifunika.

Tulifika siku ya pili, jua likiwa bado juu. Mama mkubwa alikuwa mkekani, mwembamba kama fimbo, lakini hai. Nilisimama mlangoni. Alimtazama mama kwa muda, nami nikaogopa kwamba tumechelewa kwa namna nyingine. Kisha akamwita kwa jina la utotoni ambalo sisi watoto wake hatukuwahi kulisikia. Walilia, halafu wakaanza kucheka, wakisimuliana mambo ya mama yao. Nilimshukuru Mungu kwa ile jeep mbovu ambayo nilikuwa nimeidharau kimoyomoyo kila Jumapili. Nilishukuru hata ya kaka, maana bila viti vyake mama angefika nusu ya safari amevunjika mgongo. Mama mkubwa alifariki wiki ile ile, mkono wake ukiwa mkononi mwa mdogo wake.

Siku ile tulipofika, mama alipotoka ndani, mume wangu alikuwa anatoa tope magurudumuni. Alipomwona akainuka haraka aondoke, kama kawaida.

"Ikala," mama akamwambia abaki, yeye na si mimi. "Dada yangu amenijua. Ameniita jina yangu ya butoto. Ni weye ulinifikisha, mutoto wangu."

Mume wangu akasimama pale pale, macho chini. Akanitazama ili nimjibie. Nikageuza uso upande mwingine. Kuku walipita kati yetu, na mama akangoja.

"Ndiyo, mama," akasema.