Boti Yenye Usukani Mbele

Hiram Gachanja alikuwa na miaka hamsini na saba alipojenga boti yake ya kwanza, na mpaka siku hiyo hakuwa amewahi kukanyaga boti ya mtu yeyote. Yeye alikuwa fundi wa bodi za matatu. Karakana yake ilikuwa mtaa wa Free Area, nyuma ya duka la chakula cha kuku, na kwa miaka thelathini magari ya Nakuru yaliingia pale yakiwa mabati matupu, yakatoka na taa za rangi, mabega mapana na michoro iliyowafanya akina mama wa kanisa kuangalia upande mwingine. Ukimtajia gari lolote la zamani la kwenda Nyahururu, angekuambia nani alilipaka rangi na kwa nini mlango wake ulikuwa unalia.

Halafu kazi ikapungua. Watu walianza kununua magari madogo ambayo tayari yana kila kitu, na Hiram akabaki na bampa. Alitengeneza bampa za faiba: anakata ule mkeka mweupe wa nyuzi, anaupaka dawa yenye harufu ya kuumiza kichwa, na ikikauka unapata kitu kigumu ambacho nyundo inadunda juu yake. Mkewe, Waithera, alisema angeweza kumtambua kanisani akiwa amefumba macho, kwa ile harufu na kwa jinsi alivyojikuna shingo wakati wa mahubiri.

Basi asubuhi moja ikaingia pikapu imebeba boti kuukuu, imelala kifudifudi, na ubavuni ina tundu la kupitisha kichwa cha mbuzi. Mwenye boti alishuka akisalimia kabla mlango haujafunguka vizuri. Aliitwa Nekoye, mama wa Bungoma aliyekuwa amehamia Naivasha, na kwa miaka kumi na miwili kazi yake ilikuwa kuwazungusha wageni ziwani.

"Fundi, nimeambiwa wewe ndiye unajua faiba."

"Najua. Hii iligongwa na nini?"

"Kiboko."

Hiram aliinama, akachungulia ndani ya tundu. Swali hilo alikuwa ameliuliza maisha yake yote, na alikuwa amejibiwa trela, ng'ombe, mlingoti wa stima, na mara moja mama mkwe. Kiboko ilikuwa mara ya kwanza.

"Alikuwa anatoka upande gani?" akauliza, kwa sababu ndivyo alivyozoea kuuliza.

"Chini," Nekoye akasema.

Siku ya nne tundu lilikuwa limezibwa, na Nekoye alipoligonga kwa ngumi hakuweza kujua lilikuwa wapi. Akazunguka boti mara mbili, kisha akasema hii ibaki hapa, fundi aitumie kama kielelezo, amjengee nyingine mpya ya watu kumi. Mtu mwingine angesema ukweli kwamba boti hajui. Lakini Hiram alikuwa amekaa miezi miwili akitengeneza bampa za aina moja, na kichwa chake kilikuwa na njaa.

"Boti ni bodi tu," alimwambia Waithera wakinywa chai. "Tofauti ni magurudumu."

"Na inaenda kwa maji."

"Hiyo ni shida ya abiria."

Waithera aliweka kikombe chini, akamtazama mumewe. Alijua mambo ya Hiram na maji. Akiwa mtoto kule Elburgon, Hiram alitumbukia kwenye bwawa la kunyweshea mifugo, na aliyemtoa hakuwa mtu. Alishika mkia wa ng'ombe, ng'ombe akatoka, naye akatoka nyuma yake. Tangu hapo hata beseni la kufulia alilipita kwa mbali.

Kazi ilianza. Tumbo la boti lilitoka sawasawa kabisa, kwa sababu Hiram alilipima na kulinakili kutoka kwa ile ya zamani, akalijaza faiba tabaka juu ya tabaka mpaka likawa zito na la kuaminika. Shida ni huko juu. Boti ya zamani huko juu haikuwa na kitu. Nekoye alikuwa amekwisha kung'oa injini, viti na mbao zote kabla ya kuileta. Kwa hiyo kuanzia ukingoni kwenda juu, Hiram alijenga kwa akili yake, na akili yake ilikuwa ya matatu. Aliweka bampa mbele na nyuma. Aliweka taa mbili kubwa. Viti alivipanga viwili viwili, akaacha njia ya kondakta katikati. Juu ya kila kiti akaweka chuma cha kushikilia. Mbele, upande wa kulia, alijenga mahali pa dereva: kiti kizuri cha kuzunguka, dashibodi yenye honi, na usukani mweusi aliokuwa ameuhifadhi miaka mingi, uliotoka kwenye gari alilolipenda.

Alipomaliza, ikabaki kujaribu kama inavuja. Free Area haina ziwa. Hiram alifikiria, akaona kwamba kitu ambacho hakitoi maji nje hakiwezi kuyaingiza ndani. Akaita lori la maji, akaijaza boti mpaka kwenye viti, akapiga mstari kwa chaki pale maji yalipofika. Wiki hiyo mifereji ya mtaa ilikuwa imekauka siku ya tano mfululizo.

Asubuhi maji yalikuwa yameshuka chini ya mstari, karibu upana wa kiganja.

Hiram alilala chini ya boti nusu siku akipapasa kwa vidole. Hakupata hata unyevu. Akaipaka tumbo lote unga wa ngano, kwa kuwa unga ungeonyesha njia ya maji, lakini unga ulibaki mkavu na kuku wa jirani wakaja kuudonoa. Kesho yake maji yameshuka tena, viganja viwili. Siku hiyo hakula. Alimwambia Waithera kwamba faiba ya siku hizi ni bandia, kwamba macho yake yamezeeka, na kwamba atamrudishia Nekoye boti yake ya zamani na kumwomba msamaha.

Ilikuwa siku ya tatu, saa nne asubuhi, jua linawaka, wakati Wangechi wa nyumba ya tatu, mama yake Kimberly, alipoingia karakanani na ndoo mbili, akamsalimia Hiram kwa heshima, akapanda kigoda na kuanza kuchota.

"Mama Kimberly," Hiram akasema polepole, "unafanya nini?"

"Nachota, mzee. Leo nimechelewa, wenzangu walikuja mapema." Akamwangalia. "Si hii ni tanki umetuwekea? Tumekuombea sana kwa fellowship ya kanisa."

Hiram alikaa chini kwenye kopo la rangi. Waithera alisema baadaye kwamba hajawahi kumwona mtu anafurahi hivyo kwa kuibiwa. Alimwambia Wangechi awaite na wengine, wamalize yote, kwa sababu boti inaenda Naivasha Ijumaa.

Ijumaa boti ilipandishwa kwenye lori dogo la kanta. Karibu na Gilgil askari wa barabarani akawasimamisha. Alizunguka nyuma ya kanta, akatazama bampa, akatazama taa, akatazama usukani.

"Hii matatu magurudumu yake mmeyapeleka wapi?"

"Ni boti, afande," Hiram akasema.

Askari akaitazama tena, akamtazama Hiram, akawaruhusu kwenda kwa mkono, kama mtu anayetaka kupumzika.

Nekoye aliwangoja ufuoni pamoja na Kipkemoi, kijana mrefu aliyekuwa kapteni wake. Boti iliposhushwa wote wawili waliizunguka, na Nekoye akasimama mbele, akanyoosha kidole.

"Fundi," Nekoye akasema mwishowe, "hii ni nini?"

"Usukani."

"Wa nani?"

"Wa dereva."

"Dereva wangu anakaa nyuma. Injini inafungwa nyuma, ina mkono wake. Kipkemoi anashika ule mkono, anaenda."

Hiram akatazama nyuma, akatazama mbele. Katikati kulikuwa na safari nzima ya safu tano za viti. "Ile ya zamani haikuwa na injini," akasema.

"Niliitoa! Ulitaka nikuletee injini na wewe ni mtu wa bodi?"

Hiram alitaka kuung'oa usukani papo hapo, lakini spana zilikuwa zimebaki Free Area. Nekoye akapiga tumbo la boti kwa ngumi, akasikiliza, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Injini ikafungwa. Kisha akatoa jaketi la kuelea la rangi ya chungwa, akamkabidhi Hiram.

"La nini, mathe?"

"Kwangu boti mpya haibebi mgeni kabla haijabeba aliyeijenga. Hiyo ni sheria yangu. Ingia."

Hiram alisema mgongo wake una shida. Akasema amewaacha watu wa kanta. Watu wa kanta walikuwa wameketi kwenye nyasi na soda zao, wakamwambia asiwe na wasiwasi juu yao. Nekoye alisimama tu, mikono kiunoni, akimtazama jinsi mama anavyomtazama mtoto asiyetaka kuoga. Mwishowe Hiram akavaa jaketi juu ya koti lake la Jumapili, akaingia akishika kila chuma alichokiweka mwenyewe, na akaenda kukaa mahali pekee alipopaona kama nyumbani. Kwenye kiti cha dereva.

Kipkemoi akawasha injini huko nyuma. Maji yakaanza kupita. Hiram akaushika usukani kwa mikono miwili, akaomba kwa Kikuyu.

Migunga iliyozama ziwa lilipofura ilikuwa imesimama mbele yao, mikavu, imejaa ndege. Hiram akaona wanaielekea. Bila kufikiri akakata kushoto, na boti ikaenda kushoto. Akanyoosha, ikanyooka. Alijua vizuri kwamba usukani ule haukushikana na kitu, kwa maana aliufunga yeye mwenyewe kwenye dashibodi kwa boliti nne. Lakini hayo aliyajua kichwani. Mikono ilikuwa na habari tofauti. Akakata kulia kidogo, na ziwa zima likageuka kumfuata.

Nyuma, Kipkemoi alikuwa anatazama mabega ya mzee na kuufuatisha mkono wa injini, huku ameuma midomo asicheke.

Walikuwa wamezunguka miti na Hiram amefika mahali pa kulegeza shingo, wakati masikio mawili madogo yalipochomoza mbele, yakifuatwa na macho, yakifuatwa na kichwa kikubwa kama jokofu. Kipkemoi alikuwa amekwisha kumwona kiboko na kupunguza mwendo akienda kwa mbali. Hiram hakujua hilo. Hiram alikanyaga breki.

Breki haikuwepo. Mguu ulienda mpaka sakafuni na kugonga faiba. Akakanyaga tena. Kisha akafanya jambo la mwisho ambalo dereva hufanya: akaweka kiganja kwenye honi, akakiacha hapo.

Honi ile ilikuwa ya sauti tano, zile zilizokuwa zikiwaita abiria wa Nyahururu asubuhi. Ndege wote waliruka kutoka mitini kwa wakati mmoja. Kiboko alimtazama Hiram. Hiram alimtazama kiboko, akasema, "Songa, boss." Na kiboko akazama, akaonekana tena mbali sana, amewapa mgongo.

Kipkemoi alicheka mpaka akazima injini. "Mzee, umempigia honi kiboko! Na amesonga!" Ndani ya boti nyingine iliyokuwa karibu kulikuwa na wafanyakazi wa ofisi moja ya Eldoret waliokuja kutembea, na wote walisimama wakipiga makofi, mpaka kapteni wao akawaomba wakae kabla hawajapinduka.

Waliporudi ufuoni, Hiram alibusu jaketi kabla ya kulivua. Wale wa Eldoret wakafika nyuma yake, na aliyetangulia alikuwa mama wa makamo mwenye miwani.

"Mathe," akamwambia Nekoye, "hiyo ya usukani inabeba watu? Mimi nataka kukaa hapo mbele."

"Mimi ndiye nilisema kwanza," mwanamume mmoja akasema nyuma yake.

Walibishana, watu wazima wenye tai, mpaka Nekoye akawapangia zamu. Mchana kutwa boti ilikwenda na kurudi, kila mtu akiendesha dakika zake na kupigwa picha, na Kipkemoi nyuma akifuatisha mabega. Jioni Nekoye alikata waya wa honi, kwa ajili ya ndege, lakini usukani aliufuta vumbi kwa kanga yake mwenyewe.

Hiram hakufurahi sana. Alirudi Nakuru amenuna, akamwambia Waithera kwamba hakuna mtu hata mmoja aliyesifu tumbo, na tumbo lile halikuingiza tone. Mwezi uliofuata Nekoye alipopiga simu kuagiza ya pili, Hiram alimwambia sasa amejifunza, atatengeneza boti ya kweli, ya heshima, isiyo na upuuzi mbele.

"Weka usukani, fundi."

"Lakini hauna kazi!"

"Una kazi kuliko kapteni. Weka."

Akauweka. Sasa amejenga boti sita, zote na usukani, na watu wa Free Area humwita Admirali, naye hujifanya hasikii. Kupanda amepanda mara moja tu zaidi, Waithera aliposema amechoka kusikia habari za boti bila kuiona. Walienda Jumatatu ya Pasaka. Waithera alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha mbele, akapanga mkoba wake juu ya dashibodi, akashika usukani kana kwamba amezaliwa nao. Hiram alikaa kiti cha tatu, jaketi limefungwa mpaka kidevuni, mikono miwili kwenye chuma.

Waliondoka kwa kasi. Waithera akakata kona ya kwanza kwenye migunga, maji yakaruka, mwenyewe akapiga kelele za furaha.

"Waithera," Hiram akaita, "punguza mwendo kwa kona!"

"Wewe kaa vizuri," Waithera akamjibu bila kugeuka. "Abiria haongei na dereva."